Niliunyamazisha Mlio wa Pikapu, Nikamzika Mtani Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa magari hapa Bagamoyo, nina mke mmoja na watoto wanne. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu nimeagizwa na mwanamke mmoja, na agizo lake nitalieleza nikifika mahali pake. Tafadhalini nisomeni hadi mwisho, hata mkiona njiani kwamba mnanichukia. Nami najichukia!

Kwanza mjue mimi ni nani. Babu yangu alikuwa Mnyamwezi, alifika pwani na mizigo ya watu kichwani, akaoa hapa, akabaki. Mimi nimezaliwa hapa na nimesoma chuo cha Kurani hapa, lakini kwa Wazaramo nimebaki kuwa mtani. Utani wetu kila mtu wa pwani anaujua. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakuvua kofia kichwani na kuondoka nayo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na siku ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kukuigiza, ili wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya kilio.

Ujanani nilikuwa nikikalafati vyombo pwani. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba, kuichovya kwenye mafuta na kuigongomea kwenye nyufa za mbao ili maji yasiingie. Baadaye nikaenda Dar es Salaam, nikashika spana katika gereji moja kwa miaka miwili. Miwili tu! Nikarudi na ovaroli na penseli nyuma ya sikio, nikajiita fundi. Mjini hapakuwa na mwingine, basi watu wakaniamini. Nilivyopenda kuaminiwa! Kila gari lililoletwa nililitolea jibu pale pale, hata kama silijui jibu lenyewe.

Sasa nimtaje Kondo… Kondo alikuwa Mzaramo, dereva wa pikapu ya Bwana Salehe, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka chumvi na samaki wakavu Msata na kurudi na mahindi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Alikuwa mtani wangu kwa kabila na rafiki yangu kwa moyo. Yeye hakujua kufungua hata nati moja, lakini alikuwa na sikio. Gari likibadili sauti kidogo tu, alisimama kando ya njia akasikiliza.

Masika yalipokwisha mwaka ule, barabara ilibaki mashimo matupu. Kondo akaniletea pikapu, Bwana Salehe mwenyewe akiwa amekaa ndani. Alinieleza kwamba mbele, upande wa kushoto, kuna mlio. Gurudumu likitumbukia shimoni linagonga, ko-ko, na akikanyaga breki linagonga mara moja, ko! Akaniomba nitazame springi, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kuibeba ekseli.

Mimi je? Sikulala chini ya gari. Sikuweka jeki. Niliweka mikono juu ya bawa la gari, nikalisukuma chini mara mbili, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeyaona mengi. Nikasema springi haina neno, kilichokufa ni shokapu, vile vyuma vinavyozuia gari lisirukeruke. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu dereva alikuwa ameshasema springi! Ningesema nini mbele ya tajiri, kwamba dereva anajua kuliko fundi?

Bwana Salehe akaagiza shokapu mbili mpya kutoka Dar es Salaam. Nikazifunga kwa mbwembwe, watu wakitazama. Kondo akaiendesha hadi mwisho wa mtaa na kurudi… ko-ko, ko-ko! Mlio ule ule.

Jioni ile, kwenye baraza ya kahawa, Kondo hakunisamehe. Alichukua vikombe viwili vya kahawa akawa anavigonganisha, ko-ko, ko-ko, akitangaza, "Karibuni msikilize shokapu mpya za mpagazi!" Wazee kwa vijana walicheka hadi machozi. Nami nilicheka, kwa kuwa sheria ya utani inanitaka nicheke, lakini rohoni niliungua. Nilikwenda nyumbani nikakataa chakula. Mke wangu aliponiuliza nini, nikamfokea.

Kesho yake Bwana Salehe akaniita dukani kwake. Hakunigombeza. Aliniambia kwa upole maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Fundi Ramadhani, kama huwezi, sema. Nitalipeleka gari Dar es Salaam."

Kama huwezi, sema! Maneno matatu tu, na mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nilijibu kwamba nawezaje kushindwa na mlio, aniachie gari siku moja tu.

Siku ile ndipo nilipofanya kazi ya kweli. Niliweka jeki, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, halikuwa na mchezo. Nikaingiza mtaimbo chini ya pini inayoishika springi kwenye fremu, nikainua. Pini ikacheza! Bushi yake, lile bomba dogo linaloizunguka, ilikuwa imelika upande mmoja. Mlio ulikuwa unatoka pale. Kondo alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza.

Lingekuwa hilo tu, labda nisingekuwa na mkasa wa kusimulia. Lakini nilipofuta matope kwa mafuta ya taa, niliona kitu kingine. Bamba la juu kabisa, karibu na pale linapojikunja kuishika pini, lilikuwa na ufa. Ufa mwembamba kama unywele. Niliupitishia ukucha, ukucha ukakwama.

Msomaji ambaye si fundi aelewe. Bamba lile la juu ndilo linaloishika ekseli isiondoke mahali pake. Likivunjika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na usukani haumsikilizi tena dereva. Nililijua hilo. Katika ile miaka yangu miwili, hilo nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Dawa yake ilikuwa rahisi… kusema! Gari lingekaa wiki moja, bamba jipya lingeletwa, basi. Lakini kusema springi ni kusema shokapu ziliagizwa bure. Na Kondo, angeviacha vikombe vya kahawa vipumzike? Nilijiona nimekaa pale barazani, mji mzima unanigongea vikombe.

Basi nikafanya ninayoona haya hata kuyaandika. Nilikwenda pwani kwa wenzangu wa zamani, nikachukua pamba na shahamu. Nikasokota pamba ile kama nilivyokuwa nikisokota kwa ajili ya majahazi, nikaigongomea kwa patasi kuizunguka pini, na nyingine nikaishindilia katikati ya mabamba. Nikapaka grisi juu yake, na juu ya grisi nikapaka tope. Nililikalafati gari, ndugu zangu! Na ule ufa nikaufunika kwa mkono wangu mwenyewe.

Moyoni nilijipa ahadi. Nitaagiza bamba kimya kimya, gari likirudi kutoka Msata nitalibadilisha bila mtu kujua. Nilijiona mwerevu.

Gari likanyamaza! Kondo aliliendesha hadi Kaole na kurudi, halikutoa hata mkwaruzo. Bwana Salehe alinishika mkono mbele ya watu. Kondo akashuka, akanikumbatia, akasema kwa sauti kwamba leo mpagazi ametua mzigo. Kisha akaniangalia, bado anatabasamu, akauliza, "Lakini mtani, umeliponya au umeliziba mdomo?"

Watu walicheka. Mimi sikujua aniuliza kwa utani au aniuliza kweli. Ningeweza kumvuta kando wakati ule, nikamwambia, "Mtani, usiende." Badala yake nilimjibu, "Nenda zako, Mzaramo! Masikio yako yamezoea ngoma, kitu kikinyamaza unaona kimekufa." Watu wakacheka zaidi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia Kondo duniani.

Asubuhi iliyofuata akaondoka na chumvi, na nyuma wamepanda akina mama wawili wa Fukayosi. Kabla ya adhuhuri dereva wa lori aliyetoka huko akatuletea habari. Pikapu imepinduka kwenye mteremko, karibu na Fukayosi. Akina mama walirushwa kwenye majani, mmoja amevunjika mkono. Kondo alibanwa na usukani… Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Bwana Salehe alinichukua twende tukalitazame gari. Wanakijiji walikuwa wamemtoa marehemu na kumfunika kanga. Sikuweza kumtazama. Nilizunguka upande wa mbele kushoto, nikainama. Bamba lilikuwa limekatika pale pale penye ufa. Sehemu ya chuma ilikuwa nyeusi kwa kutu ya siku nyingi, na sehemu ilikuwa inang'aa, imekatika leo. Fundi yeyote angeona. Na pamba yangu ilikuwa inaning'inia kutoka kwenye pini.

Mlitaka kujua mtu anakuwaje akiwa peke yake na aibu yake? Niliivuta ile pamba, nikaitia mfukoni.

Askari aliyekuja kuandika habari aliniuliza swali moja, kwa kuwa mimi ndiye fundi: springi ilivunjika kwanza ndipo gari likaanguka, au ilivunjika kwa kule kuanguka? Nikajibu, kwa kuanguka. Akaandika. Ningenyamaza hapo ningekuwa mwongo tu. Lakini hofu ilinifungua mdomo, nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilisema, "Marehemu alikuwa anapenda mbio."

Uongo mtupu! Kondo hakuwa mtu wa mbio. Ataendaje mbio mtu anayesimama kila mara kusikiliza?

Lakini neno langu lilifika Bagamoyo kabla ya jeneza. Msikitini, sokoni, dukani, watu walisema masikini Kondo, mbio zimemmaliza, nusura awaue na mama za watu. Wale akina mama wa Fukayosi walisema gari lilikuwa linakwenda taratibu, lakini fundi ameshasema, nani awasikilize wao? Hata Bwana Salehe, aliyekuwa ameahidi kumtunza mjane, alianza kusema kwamba kijana yule amemharibia gari. Nilimuua mtu, kisha nikamvua na jina lake zuri.

Siku ya tatu ya matanga, watani wakaja. Na mimi nilikuwa wa kwanza kutafutwa! Nani mwingine angemwigiza Kondo kama si mimi? Wanyamwezi wenzangu walinivika kofia yake na koti lake la kuendeshea. Wakanikalisha juu ya kinu kilicholazwa, wakanipa ungo mikononi uwe usukani wangu. Uani palijaa watu. Mjane, Bi Mwajuma, alikuwa ndani kwenye eda, mlango umeachwa wazi kidogo ili naye asikie.

Nikaanza. Nilizungusha ungo, nikarefusha shingo kama yeye, nikatega sikio kama yeye. Watu walicheka huku wanalia. Bibi mmoja wa kwetu akapaza sauti, "Dereva, punguza mbio!" Na uani wote ukaangua kicheko.

Hapo kitu kikanikatika ndani. Koti lilikuwa bado lina harufu ya mwenyewe. Nikatupa ungo chini, nikavua kofia ya marehemu, nikapiga kelele, "Hakuenda mbio! Mimi ndiye niliyemuua! Niliuona ufa kwenye springi, nikauziba kwa pamba!"

Mnadhani ilikuwaje? Walicheka! Walicheka kuliko mwanzo. Walishikana mabega. Yule bibi akapiga vigelegele, mtu akanitupia senti kumi miguuni kwa kunituza. Fundi amejitia yeye ndiye muuaji, fundi amekalafati gari kama jahazi, mtani gani huyu! Hata kutoka ndani, nyuma ya mlango, nilisikia sauti ya mjane ikicheka.

Nilisimama pale machozi yananitiririka, nao wakaona hayo machozi ni ufundi wa kuigiza. Ningeweza kukaza sauti, nikasema, "Wallahi sitanii." Maneno mawili tu yalihitajika… Sikuyasema. Niliinama nikaiokota ile senti kumi, kama wafanyavyo watani wote, nikaketi.

Baada ya hapo nilijidanganya kwamba nimeshasema. Nilijiambia, si nimekiri mbele ya watu wote? Kosa langu nini kama wamecheka? Miaka minne nilijificha ndani ya kicheko kile. Watu waliniamkia njiani, shikamoo fundi, nami niliitika marahaba.

Bi Mwajuma alipotoka edani hakuolewa tena, alianza kuuza vitumbua. Na kila sikukuu ya Idi aliniletea sahani ya pilau, imefunikwa kawa, na salamu kwamba hii ni ya mtani aliyenichekesha siku ya msiba. Sikuweza kumeza hata tonge moja ya pilau ile. Watoto waliila. Mke wangu alitia sukari kwenye sahani ili isirudi tupu, akamtuma mtu airudishe. Mimi sikuwahi kuipeleka.

Idi iliyopita mke wangu alikuwa anaumwa na watoto wako kwa bibi yao. Sahani ikakaa siku tatu mezani. Kila nikila naiona. Siku ya nne nikaichukua, nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta Bi Mwajuma barazani anapepeta mchele. Akanikaribisha, akasema, "Mtani, leo umekuja mwenyewe." Nikamwambia asiniite mtani, na asicheke kwa nitakayosema. Kisha nikayasema yote. Shokapu, pini, ufa, pamba mfukoni, askari. Safari hii hapakuwa na kofia wala ungo, na hakuna aliyecheka.

Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye mchele. Nilipomaliza aliendelea kupepeta. Nilitamani anitukane, anipige hata kwa kiatu. Akaniuliza swali moja tu.

"Kondo alikuwa anakwenda mbio?"

"Hapana," nikasema.

"Nilijua," akasema. "Asubuhi ile aliniambia, mke wangu, gari limenyamaza vibaya, leo nitakwenda polepole. Siku ile ya matanga nilikusikia. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka kwa sababu nyumba nzima inacheka. Lakini nilipolala nikakumbuka maneno ya mume wangu. Nikasema, nitamngoja aje aniambie bila kuchekesha. Nimekungoja miaka minne, bwana."

Bwana! Hakuniita mtani tena. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Aliniambia atamwomba Mungu ampe moyo wa kuutoa msamaha, kwa sasa hanao, na hataki kunidanganya. "Lakini mimi si wa kuambiwa," akasema. "Mimi nilijua. Kawaambie wale uliowaambia kwamba anapenda mbio. Wote. Na usinitanie tena, hata siku moja."

Basi nimekuwa nikiwaambia. Nilikwenda kwa Bwana Salehe, akanisikiliza, akaniomba nisikanyage tena dukani kwake. Nilikwenda polisi, yule askari alikwishahamishwa, mwingine amechukua maelezo yangu na ameniambia ningoje nitakapoitwa. Nangoja. Nilisema msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na hata pale wapo waliotabasamu, wakangoja sehemu ya kuchekesha ifike. Ilinibidi nirudie mara tatu. Siku hizi Bi Mwajuma tukikutana njiani ananisalimu vizuri kama anavyosalimiwa mgeni yeyote, na kila akifanya hivyo natamani ardhi inimeze.

Mafundi wenzangu, nawasihi! Gari likilia, lina jambo. Laleni chini, tazameni, na kama hamjui, semeni hamjui. Mtu hachekwi mpaka akafa, mimi nimechekwa na bado ni mzima. Aliyekufa ni yule aliyeniamini. Na ninyi wengine mlio na neno zito moyoni, msilitupe katikati ya vicheko kisha mkajihesabia mmetubu. Lipelekeni kwa mwenyewe, mkae mbele yake, mlingoje jibu lake.

Watu wa Bagamoyo nimeshawaambia, wamebaki wale wa Fukayosi, wa Msata, na wote waliolisikia neno langu njiani ambao siwajui. Ndiyo maana nimemwomba Mhariri anipe nafasi hii. Jamani, nisomeni vizuri, na mkisoma mwambieni na asiyejua kusoma. Kondo, dereva wa pikapu ya Bwana Salehe, alikuwa anakwenda polepole.